Mwanaidi Alipochezwa

Kuna jambo nimelikana kwa miaka mingi, na nimelikana mbele ya watu wenye heshima zao. Kila nilipoulizwa ni mwanamke gani wa kwanza niliyetamani kufanana naye, nilimtaja bibi yangu mzaa mama, aliyelima mikorosho yake peke yake huko Makonde na kulea watoto wa watu. Jibu hilo lilipendwa sana. Wasikilizaji walitikisa vichwa, wengine wakaandika. Bibi mwenyewe, Mungu amrehemu, angelisikia angeuliza ni lini niliwahi kumsaidia kupalilia.

Ukweli ni kwamba alikuwa katuni. Msichana wa kuchorwa, gauni la njano, pengo la jino la mbele. Nilimwona kwanza kwenye sinema, halafu kwenye gemu, ndani ya banda la video mjini Lindi, enzi za ruksa. Tulimwita Mwanaidi. Nimemkana kwa sababu mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu, tena aliyewahi kusimama kwenye kongamano na kulalamika kwa kirefu kwamba katuni za kigeni zinawaharibu watoto wetu, hawezi kugeuka ghafla na kusema kwamba yeye mwenyewe aliharibiwa, na alifurahia. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba siwezi kumtaja Mwanaidi bila kumtaja Siwema. Mimi na Siwema tuliachana ndani ya banda lile lile bila kuagana, na mpaka juzijuzi sikujua kama aliondoka pale akinichukia.

Rika langu mtanielewa. Sisi ndio tuliokulia kwenye foleni. Tulitumwa duka la ushirika kushika nafasi, tukaweka jiwe mahali petu, tukaenda kucheza rede, tukarudi tukakuta jiwe limesogezwa mbele na watu waungwana kuliko tulivyo leo. Sukari ilikuja kwa uvumi. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Halafu, bila mtu yeyote kututangazia sisi watoto, mambo yakafunguka. Siku moja mama alikuwa akifua kwa majani ya mpapai, siku nyingine kulikuwa na sabuni ya kuogea yenye harufu ya ua tusilolijua, na tukaambiwa tusiimalize kwa kuinusa. Mitumba ikamwagwa sokoni juu ya turubai. Baba yangu, mwalimu wa hesabu aliyeapa kwamba hatavaa nguo ya marehemu wa Ulaya, alivumilia mpaka alipoona koti la rangi ya udongo lenye mifuko ya ndani. Alilivaa joto likiwaka, akaenda nalo kanisani, na padri akamsifia.

Na televisheni zikaja. Ninyi vijana mnaolia mtandao ukikatika kidogo, sikilizeni: tulikuwa na televisheni kabla ya kuwa na kituo cha televisheni. Ukiiwasha ilionyesha mvua. Watu wa Lindi walilipa kiingilio kuitazama ile mvua wakati mwenye banda akisafisha deki kwa pamba.

Mwenye banda letu alikuwa Shaibu, kijana mwembamba aliyekuwa amekaa Unguja mwaka mmoja na kurudi na maneno ya Kiarabu, miwani ya jua na jenereta. Banda lake lilikuwa la makuti, mabenchi ya mbao za mnazi, shuka nyeusi mlangoni. Nje alikaa mama mmoja na sufuria la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, pamoja na chumvi na pilipili kwenye kigae. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli natamani ming'oko. Nimemweleza daktari wangu, akasema si ugonjwa.

Mkanda ule ulionyeshwa mara ya kwanza siku ya Idi. Siwema alikuwa na gauni jipya na hela za sikukuu. Mimi Mkatoliki nilikuwa na gauni la Pasaka na tamaa. Tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta, darasa la sita wote wawili, na Idi yake ilikuwa Idi yangu kama Krismasi yangu ilivyokuwa yake. Alinishika mkono, akamwambia Shaibu, "Huyu ni pacha wangu, tunaingia kwa kichwa kimoja." Shaibu akatutazama, mmoja mweusi mrefu kama mnara, mwingine mfupi wa maji ya kunde, akasema, "Mashaallah, mama yenu alichoka." Akatupisha.

Filamu ilikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, hata Shaibu, ingawa yeye hakulikubali hilo. Alisimama kando ya kioo na fimbo, akatafsiri. Kwa kuwa ilikuwa Idi, alimpa yule msichana jina la Mwanaidi, na hakuna aliyelibadilisha tena. Mchawi alikuwa amemgeuza mama yake jiwe na kumweka juu ya mlima wenye milango saba. Mwanaidi akaupanda. Kila mlango ulikuwa na bawabu, na kila bawabu alitaka kumla, na yeye kila mara alishinda kwa mdomo tu. Alibishana nao. Aliwahoji, aliwatania, aliwachanganya, mpaka bawabu mzima mwenye pembe anajikuna kichwa na kumfungulia. Hakuwa mzuri wala hakuwa na upanga. Alikuwa na maneno. Mimi niliyekuwa nachapwa nyumbani kwa ajili ya maneno, nilikaa kwenye lile benchi nikaona maisha yangu yamepata maelezo.

Tafsiri za Shaibu zilibadilika kila onyesho. Ijumaa bawabu wa tatu alikuwa shetani. Jumapili akawa mgambo anayedai kodi ya maendeleo, na Mwanaidi akamwambia risiti iko kwa mama yangu, nenda kamuulize. Watu wazima walicheka mpaka mabenchi yakalegea. Mwisho ndio haukubadilika: mama anaamka, anageuza shingo polepole, anamwita mwanawe kwa jina. Shaibu alishusha fimbo na kuita kwa sauti nyembamba ya kike, "Mwanaidi!" Banda zima la makuti, wavuvi, makuli na wanafunzi watoro, likaitika kwa pamoja, "Abee!"

Siwema alijua kuitikia kuliko wote. Yeye na mimi tuliigiza sinema ile njia nzima kutoka shuleni. Mimi ndiye Mwanaidi, kwa kuwa nilikuwa na mdomo. Yeye alikuwa mabawabu wote saba, na jiwe, na ndege, na upepo. Sikumbuki kumuuliza kama alitaka siku moja kuwa Mwanaidi. Mama yangu akituona anasema, "Hao wamerogwa na umeme." Baba anasema, "Umeme wenyewe wa kukopa."

Halafu Shaibu akaenda Dar es Salaam na kurudi na gemu. Lilikuwa sanduku la plastiki la rangi ya maziwa, na kishikio chenye vibonyezo tulichokiita usukani. Juu ya kaseti kulikuwa na picha, na tulipoiona tulipiga kelele hadi mama wa ming'oko akachungulia. Alikuwa yeye! Gauni la njano, pengo la jino, kila kitu.

Kaseti ilipochomekwa, tukanyamaza. Kwenye kioo kilitokea kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Gauni halikuwa la njano tena, lilikuwa jekundu lililojifunga kama khanga. Nywele hazikuwepo. Pengo la jino hata tungelitafuta kwa tochi tusingelipata, kwa sababu mdomo wenyewe haukuwepo. Hakusema neno. Mabawabu walikuja mbio na yeye akawaruka. Juu pembeni ziliandikwa herufi nne, ZELI, na hata mtoto wa darasa la pili aliona kwamba hilo halisomeki Mwanaidi.

"Huyu si yeye," nikasema. "Wameweka mtu mwingine wakamvika nguo zake."

"Ni yeye," Siwema akasema. "Ila amechezwa."

"Amechezwa na nani?"

"Wewe Skola, akili yako yote unaiacha shuleni! Sinema tunaangalia. Hili si linachezwa? Basi na yeye kachezwa. Tazama, kanyolewa. Kafungwa nguo mpya. Jina kapewa jingine. Maneno yamekwisha, macho chini. Na mjaribu kumrudisha nyuma muone."

Kijana aliyekuwa na usukani akajaribu. Kweli, yule msichana aligonga ukingo wa kioo na hakuweza kurudi alikotoka. Alikwenda mbele tu.

"Mnaona?" Siwema akasema. "Mwali harudi utotoni."

Shaibu alicheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wa Milola, ukikua nakuajiri, uwe unanitafsiria."

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze kidogo. Siwema alikuwa Mmwera, na bibi yake aliishi Milola, wanakolima. Kwao, na kwetu Makonde pia, msichana akifika umri anawekwa ndani, anafundwa na makungwi, anatolewa nje kwa ngoma. Tunasema amechezwa. Anatoka na jina jipya, na lile la utotoni linabaki huko huko alikoliacha. Kumwita mtu aliyechezwa kwa jina lake la utoto si utani. Ni kumvua nguo barabarani.

Nilikataa. Nilibishana bandani, njiani, juu ya ukuta tulipokuwa tukianua nguo. Nilisema Mwanaidi wa kweli hawezi kunyamaza, akinyamaza si yeye. Siwema alisema nasubiri wewe uchezwe nione utasema nini. Tukakubaliana kwamba gemu lenyewe litaamua: yeyote atakayemfikisha mlango wa saba ataona mama akiamka, na jina atakaloliita ndilo jina. Kwa hiyo tukapanga foleni, sisi tuliozaliwa kwenye foleni, kusubiri zamu. Hakuna aliyevuka mlango wa nne. Pale palikuwa na shimo refu, na kila mchezaji akilikaribia banda lote lilipiga kelele, "Rukia! Rukia!" Naye anaruka, anapungukiwa kidogo, anaanguka, na mtu wa nyuma anasema innalillahi.

Mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamekwisha, bibi yake Siwema alikuja mjini kumchukua. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye ndonya ya zamani mdomoni na ulimi mkali. Akaniona nimesimama mlangoni nimevimba.

"Mke mwenzangu, umenuna nini? Unaona wivu namchukua mumeo?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo Milola siku ya kumtoa mwali, ule ubwabwa. Umwambie Mwalimu bibi kasema."

Nilimwambia Mwalimu. Nilimwambia na jambo la pili, ambalo sikuwa nimemwambia hata Siwema: kwamba nami nataka kuchezwa. Mama yangu, aliyekuwa akipepeta mchele, alisimamisha ungo. Yeye alichezwa, na dada zake wote walichezwa, wakabatizwa na wakachezwa bila Mungu kulalamika. Alimtazama baba. Baba alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

"Unyago wako," akasema, "ni mtihani wa darasa la saba."

Sikwenda Milola hata kula ubwabwa.

Zile wiki nilishinda bandani peke yangu. Nilijifunza shimo la mlango wa nne kama wengine wanavyojifunza katekisimu. Nilikuwa nimejiwekea nia kwamba Siwema akirudi nimwonyeshe mama akiamka, nimwonyeshe jina, yaishe. Nilidhani tunabishana kuhusu gemu. Mtu akisoma sana anapata majina marefu ya kueleza hali ya namna hiyo. Wakati huo nilikuwa na jina moja tu, hasira, na nilimkasirikia kitu cha ukubwa wa kidole gumba kwa kukubali kunyamazishwa.

Alirudi siku ambayo sikuambiwa. Nilimwona kwanza kwa mgongo, akipita mbele ya nyumba yetu na shangazi yake, khanga mpya doti nzima, mafuta yaking'aa shingoni, hatua za kupimapima. Watu wazima walimsalimu mlango hadi mlango. "Rukia, hujambo mwanangu?" "Rukia, karibu." Lilikuwa jina la dada yake bibi, marehemu. Wote walilisema kwa urahisi kama vile hakukuwa na mwingine kabla yake. Nilijaribu kulisema chumbani, peke yangu, usoni kwenye kioo. Lilitoka vizuri tu. Ndipo nikaapa sitalisema.

Sababu zangu zilikuwa nyingi na zote za kisomi. Ile ya kweli ni kwamba nikimwita Rukia nitakuwa nimekubali kwamba amepita mlango, mimi nimebaki nyuma, na kati yetu pale hapana bawabu wa kubishana naye.

Jumamosi aliruhusiwa kuja bandani, pamoja na binamu zake. Alikaa benchi la mbele, wima, mikono mapajani. Mimi niliingia baadaye nikasimama nyuma karibu na shuka. Mchezaji alikuwa mtoto wa muuza samaki, anakaribia mlango wa nne.

"Siwema!" nikaita.

Binamu zake wakageuka wote. Wanawake wawili watatu waliokuwemo wakashusha macho. Yeye hakugeuka.

"Siwema! Nakuita wewe!"

"We mtoto wa Mwalimu," mmoja wa wale wanawake akasema, "huna adabu au huna masikio?"

Shingo ile yenye mafuta haikusogea hata kidogo. Kwenye kioo yule msichana mwekundu akafika ukingoni mwa shimo, na banda zima likasahau mambo yetu, likapiga kelele kama kawaida yake, "Rukia!"

Siwema aligeuka. Aligeuka haraka, mwili mzima, akanitazama moja kwa moja. Ilichukua muda mfupi watu kuelewa kilichotokea, halafu banda likapasuka kwa kicheko. Wavulana wakaanza kuruka juu ya mabenchi, "Rukia! Rukia! Kaitika!" Hata Shaibu alicheka, na alikuwa mtu mwema. Siwema akanyanyuka, akajitanda khanga, akapita karibu yangu akatoka. Harufu ya mafuta ya nazi na udi. Sikumgusa.

Ningeweza kumfuata. Lakini yule mtoto wa muuza samaki alikuwa ameanguka shimoni na zamu yangu ilikuwa imefika. Nikashika usukani. Nikacheza, na siku hiyo niliruka shimo la mlango wa nne, wa kwanza katika mji mzima wa Lindi. Walinibeba juu juu. Nilikufa mlango wa tano.

Wiki iliyofuata baba alipata uhamisho. Tulipanda basi alfajiri na magodoro yetu juu ya paa, tukateremshwa Nangurukuru tukiwa wekundu wa vumbi kama mbuyu wa njiani, tukangoja chombo cha kutufikisha Kilwa Masoko. Mama alininunulia korosho za kukaanga. Nilizishika kwenye karatasi mpaka zikapoa. Sikuwa nimeaga, na nilijiambia kwamba ni yeye ambaye hakuja kuaga. Huko Masoko hapakuwa na gemu. Nilifaulu ule mtihani wa baba. Nikaenda bweni, nikaenda chuo, nikajifunza kubishana kwa tanbihi. Nilisikia Rukia kaolewa Mchinga. Nikasikia ana watoto. Kila niliposikia nilisema nitamtafuta, kwa sauti ile tunayosemea nitapunguza chumvi.

Sasa nina mpwa, kijana mzuri, anacheza magemu kwenye simu akiwa amelala chali kama mgonjwa. Mashujaa wake wa kike wana nywele zinazopepea moja moja, na wanazungumza. Akitaka kuwabadilishia nguo ananunua nguo. Wakifa anabonyeza, wanafufuka, hakuna zamu. Nilipomwambia kwamba tulikuwa tunasubiri kwenye benchi saa nzima ili tufe mara tatu, aliniuliza kwa huruma, "Shangazi, kwani hamkuwa na mambo ya kufanya?" Nilimweleza kuhusu Mwanaidi. Alikuwa mtu wa kwanza kumweleza. Akatafuta tafuta kwenye simu yake, na kabla chai yangu haijapoa akaja na jibu.

"Shangazi, gemu lenu lilikuwa feki. Hawa walichukua gemu la mtu mwingine kabisa, wakampaka rangi, wakaweka picha ya huyo mtoto wa sinema juu ya kaseti ili liuzwe. Huyo Zeli ndiye mwenye gemu lake."

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Hakuwa yeye. Walikuwa wameweka mtu mwingine wakamvika nguo zake, kama nilivyosema mwenyewe kwa mdomo wangu nikiwa darasa la sita. Nimeshinda mabishano mengi maishani, lakini sijawahi kuwa sahihi nikaona uchungu namna ile. Mpwa wangu akasema ukitaka upo mwisho wake hapa, nikuonyeshe mama akiamka? Nikamwambia akaoshe vyombo.

Watoto wa siku hizi wanapata kila mwisho wanaoutaka. Sisi tulipata mwanzo tu wa mambo mengi, sabuni, televisheni, urafiki, na tulikaa na mwanzo huo kwa muda mrefu, tukiuchezea njiani, tukiupa majina. Sijui nani ana bahati. Wao hawatajua raha ya banda zima kuitikia kwa pamoja. Lakini na wao, wakigombana, wanaandikiana kabla jua halijazama, hata kama ni kutukanana. Mimi nilikaa kimya miaka yote hiyo na kuuita ukimya wangu heshima.

Mdogo wangu Damasi ndiye aliyelimaliza jambo hili. Alipita Mchinga akanunua nazi kwa mama mmoja kando ya barabara. Yule mama akamtazama paji la uso akamuuliza, "Wewe si wa kwa Mwalimu? Dada yako Skola yu hai?" Damasi akanitumia namba. Nilikaa nayo siku kadhaa, nikiiangalia kama barua ya mahakama, halafu nikapiga mchana mmoja wa Jumapili.

"Haloo."

"Haloo, habari za huko. Naongea na…" Nikakwama.

"Unaongea na mwenye simu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Skolastika. Wa Lindi. Wa kwa Mwalimu."

Nilisikia kuku, na mtu akikuna nazi, halafu mkunaji akaacha kukuna.

"Skola."

"Ndiyo."

"Umenenepa?"

"Sana."

"Alhamdulillahi. Mimi mkavu vile vile, kama kifuu."

Tukacheka, tukaulizana wazazi, tukahesabiana marehemu, tukaambiana watoto. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi jinsi nitakavyoanza. Karatasi haikunisaidia.

"Siku ile bandani kwa Shaibu," nikasema, "ulitoka umenichukia?"

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Nilikuita lile jina. Mbele za watu."

"Nilisikia. La kwanza nikasikia, la pili nikasikia. Bibi alikuwa ameniapisha, ukiitwa hivyo aliyeitwa hayupo, usiitike. Nikakaa natazama mbele, nasema moyoni, huyu Skola ana akili kuliko wote humu, sasa hivi atakumbuka. Mara nikasikia, Rukia. Nikageuka mbio. Nilidhani ni wewe."

Nikaikunja ile karatasi.

"Nikakuta mdomo wako umefumba," akasema. "Na watu wanacheka. Nikaenda nikakaa pale kwa mama wa ming'oko, nasema atatoka. Nilikaa mpaka akafunika sufuria lake. Nikasikia wanakushangilia humo ndani."

"Niliruka shimo," nikasema.

"Nilijua ni wewe. Nikaenda zangu nyumbani."

Mtu akapita kwake akauliza bei ya nazi, naye akamjibu asubiri.

"Sasa si uniite," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla salio halijaisha. Umengoja nini tena?"

Nilikohoa. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule yangu, mwanamke mzima na vitabu vyake ukutani, mpwa akinitazama kutoka kwenye kochi.

"Rukia," nikaita.

"Abee!"